Mtama Katika Mita ya Tano

Siku mliyoniaga, Neema alifungua droo ya tatu ya kabati la rejea akatoa kioo kimoja cha hadubini chenye maandishi ya mkono wangu: "Unga wa mtama, B.S., bondeni." Akaniuliza ni cha nini, maana hakimo kwenye daftari la orodha, na yeye ndiye anayerithi daftari. Keki ilikuwa imeshakatwa, watu wameshika soda zao, na mkuu wa kitengo amesimama na karatasi ya hotuba. Nikamwambia nitamwandikia. Mkacheka, mkidhani nakwepa. Nilikuwa nakwepa kweli.

Sasa nimekaa barazani kwangu Shangani, magoti yameshachoka na kazi ya matope, na muda ninao. Habari za vyeo na mishahara sitaandika, kwa sababu vyote viwili vilichelewa na mnajua hivyo. Nitaandika mambo machache ya kazi yenyewe, halafu habari ya kioo hicho. Hayo machache ya mwanzo msiyaruke, yana uhusiano.

Kwa atakayesoma haya naye si wa kazi yetu, niseme hivi. Kila mmea unaochanua hutoa chavua, lile vumbi la njano linaloganda kwenye nguo. Nyingine huanguka majini na matopeni, na penye tope lisilokauka ganda la chembe zake haliozi, hata ipite miaka elfu na elfu. Tope hujilundika mwaka juu ya mwaka, kwa hiyo ukichimba kwenda chini unarudi nyuma. Unachukua tope la kila kina, unalisafisha kwa asidi, unaliweka chini ya hadubini, unahesabu: chembe za mkoko ngapi, za mafunjo ngapi, za nyasi ngapi. Ukimaliza unajua bahari ilifika wapi, mvua ilikuwaje, na watu walianza lini kukata miti na kulima. Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Mama yangu, Mungu amrehemu, alifariki akiwaambia majirani wa Mikindani kwamba mwanawe anapima choo hospitalini.

Siku yangu ya kwanza nilirudishwa nyumbani kabla sijaketi. Nilikuwa nimetoka Nanyamba kwenye harusi ya binamu yangu, nimepitiliza na kanga yangu mpya hadi maabara. Mzee Nampota, fundi mkuu, alinisimamisha mlangoni akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, nami nikaona ananitazama vibaya.

"Umelala wapi jana?" akauliza.

"Nanyamba, kwa shangazi."

"Mikorosho imechanua huko?"

"Imechanua, mzee."

"Basi rudi kwenu ukaoge. Nywele pia. Na hiyo kanga usiilete tena humu mpaka maua yaishe."

Nililia njia nzima, nikijua nimefukuzwa. Kesho yake ndipo aliponieleza, bila kuomba radhi. Mkorosho ni mgeni pwani hii, uliletwa na Wareno. Ukiuona kwenye tope la zamani kuliko Wareno, basi si tope lililokudanganya, ni wewe umeingia na maua kwenye nywele. Kwa hiyo msimu wa maua tulifunga madirisha, tukabadili viatu mlangoni, na Mzee Nampota alikuwa akipaka mafuta mgando kwenye kioo kimoja, anakiacha juu ya meza siku nzima, jioni anakiangalia kwa hadubini kuona nani amemletea mkorosho. Aliyekamatwa alifagia wiki nzima. Nilifagia sana mwaka ule.

Yeye ndiye aliyenifundisha kekee ya kuchimbia tope. Ninyi mmeikuta imezoeleka, lakini mara ya kwanza niliiona kama kipande cha mfereji chenye kifuniko. Chemba yake inashuka tupu, imefungwa. Ukifika kina unachotaka unazungusha mpini, inakata tope na kulifungia ndani, kisha mnavuta. Tope linalotoka ni refu na la duara upande mmoja, na Mzee Nampota aliliita muwa. Jina lilifaa, kwa sababu muwa haupelekwi mdomoni na ganda lake. Upande uliogusana na chuma unaumenya kwa kisu safi, unatupa ganda, unachukua nyama ya ndani ambayo haijaguswa na kitu. Alikuwa akisimama nyuma yangu ninapomenya. Nikipunguza kina cha kisu, aligonga meza kwa kidole.

Na daftari. "Andika kila kitu," alisema, "hata kinachokuaibisha." Daftari lake la porini lilikuwa na upepo, mvua, miti iliyochanua jirani, nani alikula nini karibu na kekee, nani alivuta sigara. Mara moja aliandika kwamba yeye mwenyewe alipiga chafya juu ya chemba. Alipostaafu aliniachia kisu na viraka vyake vya kufutia lenzi. Alifariki kabla ya mambo ninayotaka kueleza, na nimewahi kushukuru kwa hilo, Mungu anisamehe.

Miaka ya katikati ilikuwa ya kazi tu. Nimechimba karibu kila mahali penye tope kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma. Nimejifunza kuitambua chavua ya mchu kwa kuipita tu kwa jicho, na ya mlilana, mkoko mwingine, hata nikiwa nimesinzia. Nimeona misitu ikiingia na kutoka, na bahari ikipanda hadi mahali ambapo leo watu wanapanda mihogo. Asidi inayoyeyusha mchanga iliwahi kunitoboa glovu, kovu mnalijua. Hiyo yote ningeweza kuieleza kwa kirefu, lakini Neema hakuuliza hayo.

Palikuwa na bonde moja karibu na mdomo wa mto, na kitongoji pembeni yake. Jina la kitongoji nitaliacha, wenyewe wapo. Watu wake walilima mpunga chini bondeni na mtama kwenye kingo, na chini zaidi ilianza mikoko. Ukaja mpango wa kulifunga bonde lote lihifadhiwe. Waliouandaa walisema wakulima wale ni wa juzi, wamekata mikoko kupata mashamba, kwa hiyo waondoke mikoko irudi. Wakulima wakasema bonde ni la bibi zao na bibi za bibi zao. Karatasi hawakuwa nayo hata moja. Kamati ya ardhi ikasema ipatikane njia ya kujua nani anasema kweli, na mtu mmoja akakumbuka kwamba ipo maabara inayosoma matope.

Ndivyo nilivyokutana na Bi Somoe. Alikuwa mwanamke mfupi, umri umekwenda, mikono mikubwa ya kulima. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabla ya mikoko, yaani la kwanza kufungwa ikiwa bonde litafungwa. Alikuwa Mwislamu kama mimi, anaswali na kufunga, na pia ndiye aliyerithi kwa mama yake kazi ya kutambika kwa ajili ya bonde lile. Kwake mambo hayo mawili hayakugombana. Kwangu yaligombana. Baba yangu alikuwa mwalimu wa madrasa Mikindani, na nyumbani kwetu kutambika kulitajwa kwa sauti ile ile ya kutaja ulevi.

Asubuhi tuliyoanza kuchimba, Bi Somoe alifika na kibakuli cha unga wa mtama alioutwanga mwenyewe. Akanyunyiza kidogo kwenye ukingo wa tope, akasoma Fatiha, halafu akawaita kwa Kimakonde wazee waliolala. Wanaume wawili wa kitongoji, ndugu, waliokuwa wanasaidia kusukuma mpini, waliinamisha vichwa. Mimi niligeuza uso nikawa natazama mikoko. Sikutaka kumdharau. Sikutaka tu kuwa shahidi.

Kazi ilikwenda vizuri hadi mita nne na ushee. Mita ya tano kekee ikakwama. Tukasukuma, tukazungusha, wapi. Tukaitoa, tukaiosha, tukaiweka wazi juu ya turubai ili niikague, nisione tatizo. Yule ndugu mkubwa akasema, "Bibi, chuma kimekataa." Bi Somoe akanyanyuka na kibakuli chake. Nikageuza uso tena. Nakumbuka nilihesabu mililana iliyokuwa upande wa pili wa maji, nilifika kumi na saba. Nyuma yangu nikasikia Fatiha, kisha majina, kisha kimya. Nilipogeuka kekee ilikuwa imeshafungwa. Tukaishusha, na safari hii ilipita.

Muwa wa mita ya tano ulitoka mfupi, hauzidi kiganja. Kwenye daftari niliandika: "Kekee ilikwama kama dakika arobaini. Hakuna upepo. Mikoko inachanua, mikorosho haichanui." Kuhusu unga sikuandika. Nilijiambia ni mambo ya dini ya watu, si ya sayansi.

Maabara nikaanza na mita ya tano, kwa sababu kila mtu alitaka kujua ya chini kabisa. Udongo ulikuwa kidogo na sehemu yake ilitakiwa ipelekwe kupimwa umri. Nikaona nikiumenya kama inavyotakiwa hakitabaki kitu, basi niliukwangua juu juu tu. Hakuna aliyegonga meza kwa kidole. Nikaupitisha kwenye asidi zote, nikaweka kioo, na karibu niruke kitini. Kulikuwa na chembe kubwa za jamii ya nyasi, duara, zenye tundu moja lenye ukingo mnene, za aina ya nafaka. Zilikuwa nyingi, nyingine zimeshikana tatu tatu. Na jibu la umri lilipokuja lilikuwa la zamani kuliko nilivyothubutu kutarajia.

Kikao cha kamati cha kupokea ripoti kilikuwa karibu. Nikaandika ripoti, na ndani yake niliweka sentensi ambayo hadi leo naikumbuka neno kwa neno: "Kilimo cha nafaka katika bonde hili ni cha kale kuliko mikoko iliyopo." Nakala nilipeleka mwenyewe kitongojini. Ilisomwa kwa sauti mbele ya msikiti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza vigelegele viliimeza. Bi Somoe hakupiga kigelegele. Aliomba nakala, akaikunja ndani ya mfuko wa nailoni alimoweka kadi yake ya kliniki. Nilirudi Mtwara nimejaa furaha, na sioni aibu kusema kwamba nilijisikia mtu mkubwa.

Kisha nikaendelea na mita nyingine, zile nilizoziruka kwa haraka. Mita nne na nusu haikuwa na nafaka hata moja. Mita nne, hakuna. Tatu, hakuna. Ni mikoko tu, mikoko na mafunjo. Nafaka zikarudi mita moja na nusu kutoka juu, chache chache, pamoja na chembe za mkaa na chavua ya magugu ya shambani, kama inavyokuwa watu wanapofyeka na kuchoma. Basi ingebidi niamini kwamba hapa kulikuwa na wakulima waliolima mara moja tu chini kabisa, katikati ya mikoko, bila kuchoma chochote, bila gugu hata moja, kisha wakatoweka. Nikazirudia zile chembe zilizoshikana. Chavua inayoletwa na upepo hufika moja moja. Inayoshikana imetoka karibu, imetoka kwenye suke lenyewe.

Nilifungua daftari kutafuta siku ile kulikuwa na nini. Nikasoma: hakuna upepo. Nikajua nilichokiacha.

Asidi zetu hula wanga wote na kuacha ganda la chavua peke yake, ndiyo maana unga wenyewe sikuuona. Lakini kila muwa tunabakiza kipande kibichi kwenye friji, kimefungwa nailoni. Nikakitoa kile cha mita ya tano. Nikachukua iodini, hii hii ya kupaka kidonda, maana wanga ukikutana nayo hugeuka kuwa wa buluu hadi mweusi. Nikadondosha kwenye tope la ndani, halikubadilika. Nikadondosha kwenye ganda la nje lililogusana na chuma. Chini ya hadubini ilikuwa buluu tupu.

Mkuu wetu wa kitengo wakati ule tumwite Bwana Faraji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango.

"Bi Zuhura, ulisema chembe za nafaka zimo mita ya tano. Zimo, hazimo?"

"Zimo."

"Basi hukusema uongo."

"Zimeingia na kekee, Bwana Faraji."

"Nani anajua?"

"Mimi. Na bibi mmoja kitongojini, ambaye hajui kama anajua."

"Na ukinyamaza, nani anaumia? Watu wanabaki na mashamba yao. Ripoti imeshagongwa mhuri."

Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlielewe hilo. Alichosema nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe njiani, tena kwa maneno matamu zaidi. Siku nne nilizunguka nacho. Nilitaka sana kunyamaza. Nilimfikiria Bi Somoe na karatasi yake kwenye mfuko wa kliniki, nikasema Mungu mwenyewe angenyamaza. Lakini nilikuwa nimewaambia watu jambo ambalo halikutokea, na kila nilipofungua friji lilikuwa pale, la buluu. Siku ya tano nilipanda pikipiki nikaenda kitongojini.

Nilimkuta Bi Somoe anapepeta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Nikaketi kwenye mkeka. Nikamuuliza, "Bibi, siku ile chuma kilipokwama, unga uliuweka wapi?"

"Kwenye chuma. Si ndicho kilichokwama?"

"Nje au ndani?"

"Ndani. Nje maji si yangeuchukua?"

"Mwingi?"

"Ukufi mmoja wa watu wote." Akaacha kupepeta, akanitazama. "Na mwingine wako."

"Wangu?"

"Ulitupa ngongo, mwanangu. Wenzako wameinamisha vichwa, wewe umewapa ngongo wenyewe wa bonde. Nikasema, huyu ngeni wetu, kaja kutusaidia, wasije wakankasirikia. Nikakuombea na wewe ukufi wako, peke yake. Ndipo chuma kikapita."

Yeye akadhani sijaelewa, akanionyesha kwa kiganja chake jinsi alivyoupaka unga ndani ya chemba, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Nikamweleza yote, kwa maneno mepesi: kwamba unga una chavua ya mtama, kwamba ulishuka na chuma hadi chini, kwamba mimi nikausoma kama mtama wa watu wa kale.

"Kwa hiyo unga wangu ndio uliosema hatukuja juzi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kumbe tumekuja juzi?"

"Hapana. Mmekuja zamani, kabla ya mtu yeyote anayekumbukwa. Nimeiona nafaka yenu mita moja na nusu, pamoja na mkaa wa moto wenu. Lakini si mita ya tano. Nataka nichimbe tena ili niwe na hakika."

"Na ile karatasi?"

"Lazima niseme mbele ya kamati kwamba ina kosa. Na kosa ni langu."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, akaitenga ile ripoti na kadi. "Basi ichukue," akasema. "Nnungu hapendi."

Tulichimba tena hatua chache kutoka pale pa kwanza. Nilimwomba atambike kwenye ukingo, mbali na chuma, akakubali. Safari hii niliinamisha kichwa. Sikuitikia majina, lakini sikutoa mgongo. Daftarini niliandika saa, mahali, na umbali wa unga kutoka kwenye kekee, hatua kumi na mbili. Kila muwa niliumenya kwa kisu cha Mzee Nampota. Mita ya tano ilikuwa mikoko mitupu. Mita moja na nusu walikuwepo, moto wao na mtama wao, na kipimo cha umri kilisema ni vizazi na vizazi kabla ya babu yeyote anayetajwa kwa jina katika kitongoji kile.

Hili ndilo ambalo limenikaa kifuani hadi kustaafu. Ukweli ulitosha. Kama ningepeleka ile mita moja na nusu tangu mwanzo, peke yake, ingetosha kabisa kuonyesha kwamba watu wale si wa juzi.

Kwenye kikao cha uamuzi, miezi baadaye, nilisimama nikasema kila kitu, unga, ganda nisilolimenya, iodini. Nilisema pia kwamba matokeo mapya bado yanawapa wakulima haki. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaweka ripoti mbili mezani, moja kulia, moja kushoto.

"Mama," akasema, "hii umesaini wewe, na hii umesaini wewe. Tukiahirisha, ya tatu itasemaje?"

Watu wakacheka. Msemaji wa wale walioandaa mpango, aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi, aliomba tu iandikwe kwamba ushahidi wa matope usizingatiwe, wote, wa kwanza na wa pili. Ikaandikwa. Nilimtafuta Bi Somoe kwa macho nikamwona nyuma kabisa, ananitazama, na sikugeuza uso, japo nilitamani. Bonde halikufungwa lote. Sehemu ya juu waliachiwa. Ya chini, inayopakana na mikoko, ilifungwa, na shamba lake lilikuwa huko.

Alihamia kijiji cha Ziwani kwa binti yake. Niliahirisha kwenda kumwona hadi nikaona aibu ya kuahirisha imezidi aibu ya kwenda. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha nyumba, binti yake anamenya mihogo. Hapo kwa binti hapakuwa na bonde, ni mchanga na mikorosho. Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu, nikajikuta nimesema, "Bibi, nisamehe," basi, nikaanza kulia kama siku ile ya kanga.

"Ulisema kweli mbele ya watu," akasema. "Wengi hawasemi." Kisha akamwambia binti yake alete kopo fulani la uvunguni. Ndani yake kulikuwa na unga, kidogo, chini kabisa. "Ntama wa mwisho wa bondeni. Niliuweka wa kutambikia, lakini huku sina wa kunnyunyizia, wenyewe wako kule. Chukua. Uweke kwenye vioo vyako, siku nyingine ukikutana nao uujue."

Nikapokea kwa mikono miwili. Miezi michache baadaye binti alinipigia simu kwamba mama yake ametutoka. Nilikwenda kwenye maziko. Unga nilikuwa nimeshauandaa, nimeuweka kioo na kukifunika, na nikakitia droo ya tatu bila kukiandika kwenye orodha, kwa sababu orodha ina safu ya kueleza kilivyopatikana, nami sikuwa na la kuandika likatosha humo.

Basi, Neema, kiingize sasa. Kwenye safu hiyo andika kwamba kimetolewa na Bi Somoe, mkulima, na uandike kwamba mtu akikuta chembe kama hizi zimeshikana tatu tatu chini kabisa, azilinganishe kwanza na hiki kabla hajafurahi. Na unapokwenda porini, atakapofika mtu na kibakuli chake, simama umtazame. Si lazima uamini. Andika tu alichofanya, na wapi.

Mwaka jana, kabla ya kustaafu, nilipita pale bondeni. Michu imeota mpaka katikati ya lililokuwa shamba lake, na inaendelea vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Tope linaendelea kujilundika juu yake. Siku moja, sisi sote tukiwa hatupo, atakuja mtu na kekee yake ashushe pale pale. Ataona mikoko, kisha mita kadhaa juu ataona moto na mtama ukianza, na mtama utakwenda, utakwenda, halafu karibu na juu utakatika ghafla na mikoko itarudi. Atajiuliza ni nini kilichowaondoa watu wale. Atatafuta ukame, atatafuta maradhi, atatafuta vita, maana ndivyo tunavyofundishwa kutafuta. Namwandikia huyo pia. Asihangaike. Mvua ilikuwa nzuri na watu walikuwa wazima. Ni mimi niliyegeuza uso.